Fundi wa Ski

Fundi hakuipenda baridi hata kidogo. Mwezi wa tano ukiingia, yeye alikuwa tayari amevaa soksi mbili mbili na kofia ya sufu iliyofika kwenye nyusi. Ukimwambia kwamba Sydney haina baridi ya kweli, alikujibu, "Weye ambia mwili yako hivyo. Yangu isikusikie." Na huyo ndiye mtu niliyemwona kwa macho yangu akitengeneza ski, zile mbao mbili nyembamba na ndefu ambazo mtu hujifunga miguuni ateleze juu ya theluji.

Tulikuwa majirani Toongabbie, mtaa mmoja wa Sydney, kwa miaka sita, mlango wake ukitazamana na wangu. Mimi ni Mkenya, nesi wa hospitali, na wakati huo nilikuwa nikifanya kazi Westmead. Yeye alitoka Uvira, Kongo ya mashariki, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwabadilishia shuka. Alikuwa mwanamke aliyenizidi miaka kama ishirini. Aliniita Nesi, nami nilimwita Fundi kama kanisa zima lilivyomwita, kwa sababu upande wetu ule hapakuwa na nyumba ya Mwafrika yenye mlango uliogoma ambao hakuugusa. Jina lake la kwenye barua nililijua, lakini sikumbuki kama niliwahi kulitumia.

Habari za kwao hakupenda kuzisimulia, nami sitazisimulia kwa niaba yake. Useremala alikuja nao, hilo tu ndilo nililolijua, na kucha ya kidole gumba cha kushoto haikuwepo.

Hakuamini macho ya mtu yeyote, yake mwenyewe yakiwa ya kwanza. Mfukoni mwa sare yake ya kazi alikuwa na futi ya chuma, na vipimo aliviandika kwenye ngozi ya mkono, kati ya kiwiko na kifundo, kwa kalamu ya bluu. Mwaka mmoja kanisa letu lilinunua meza mpya ya madhabahuni. Mchungaji aliipenda meza ile, akawaita watu wachache baada ya ibada waione, na Fundi alikuwa miongoni mwao. Sote tuliisifu. Yeye alitoa chenza kwenye mkoba akaliweka katikati ya meza. Likasimama kidogo, likaanza kubiringika, likaanguka miguuni pa Mchungaji.

"Umenunua kilima, Pasta," akasema, akaliokota chenza lake akaanza kulimenya. Jumamosi iliyofuata alirudi na randa akairekebisha miguu ile, wala hakutaka kushukuriwa.

Subira yake yote ilikaa kwenye mbao. Kwingineko hakuwa nayo hata chembe. Maharage aliyaunguza kila juma kwa kuyawashia moto mkubwa, na lifti ya stesheni ikichelewa alipanda ngazi akiisema lifti kama anayemsema mkwe mvivu. Lakini mpe ubao wa kusawazisha, atakaa nao tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akipiga randa, akipima, akipiga tena kidogo, na uso wake utatulia kama wa mtu aliyekwisha kula.

Mambo ya ski yalianza na mzee mmoja aliyemhudumia, aliyeishi mitaa mitatu kutoka kwetu. Fundi alimwita Mzee tu, nami nitamwita hivyo. Alikuja Australia akiwa kijana kutoka nchi ya milima huko Ulaya, akafikia kwenye hosteli ya wahamiaji ya Villawood, akatengeneza makabati ya jikoni mpaka alipostaafu. Mke wake alikuwa amefariki. Kiharusi kilikuwa kimeuua mkono wake wa kulia na kumwachia maneno machache, yanayotoka moja moja.

Siku moja Fundi aliingia kwenye gereji ya Mzee kutafuta kamba ya kuanikia nguo. Alikuta humo msumeno wa mkanda, randa ya umeme, vibanio vimening'inia ukuta mzima, na kitu kimoja asichokijua: kalibu ya mbao yenye urefu wa mtu, imenyooka, ila mwisho wake mmoja umepinda juu kama ulimi wa ng'ombe anayelamba pua. Alirudi ndani akauliza ni cha nini.

"Ski," Mzee akasema. Kisha, baada ya muda, "Nilikuwa natengeneza." Akauonyesha kwa mkono wa kushoto ule wa kulia uliolala mapajani, kueleza kwamba mambo yaliishia pale.

"Mi niko seremala," Fundi akamwambia.

Mzee alicheka. Fundi alirudi gerejini, akakinoa chuma cha randa ya mkono, akachukua kipande cha mti akakipiga mpaka ukatoka ukanda mmoja wa maranda, mrefu, mwembamba, usiokatika mahali popote. Akauleta ndani akauweka kwenye mapaja ya Mzee. Mzee aliuinua dirishani, akautazama mwanga ukipita ndani yake. Hakucheka tena.

"Kesho," akasema.

Kesho haikuwa rahisi. Kampuni iliyomwajiri Fundi ilikataza wafanyakazi kutumia vitu vya wazee au kuchanganya kazi na mambo yao binafsi, na sheria hiyo ina maana yake, kwa kuwa wapo wazee walioibiwa na watu waliowaamini. Mimi nilimshauri anyamaze, afanye kidogo kidogo. Alinikazia macho.

"Mi nisijifiche kama mwizi, na sijaiba."

Akaenda ofisini mwenyewe. Msimamizi wake akamwambia haiwezekani. Akarudi juma la pili, akaambiwa vilevile. Mara ya tatu alinichukua mimi niwe kinywa chake kwa Kiingereza, na binti wa Mzee, mwanamke mtu mzima aliyefundisha shule ya msingi, akaja pia na barua aliyoitia sahihi. Mwishowe walikubaliana hivi: Fundi aondolewe kabisa kwenye ratiba ya Mzee, apelekwe mhudumu mwingine, na yeye akienda pale aende siku zake za mapumziko kama rafiki wa familia. Alipoteza zamu zile na hakupewa nyingine mara moja. Nilimuuliza kwenye gari kama haoni uchungu.

"Naona," akasema. "Sasa endesha, taa imekuwa kijani."

Basi kila Jumanne na Jumamosi alikuwa gerejini. Mzee alikaa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, penseli mkono wa kushoto, daftari kwenye goti, akimchorea. Kiingereza cha Fundi kilikuwa cha kazi, cha "simama" na "keti" na "meza dawa", na cha Mzee kilikuwa kimevunjwa na kiharusi, lakini nilipowakuta pamoja sikuona wakikwama. Neno la Mzee lilikuwa "hapana". Hapana, msasa mzito zaidi. Hapana, subiri. Fundi alilipenda neno hilo. Alisema watu wa Sydney humwambia mtu kwamba kila kitu ni kizuri sana, halafu kitanda kinaanguka.

Ski si ubao mmoja kama nilivyodhani. Chini kabisa hukaa plastiki laini ya kutelezea, iliyozungushiwa ukingo wa chuma. Juu yake kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholowa gundi ya resini, kisha kiini cha mbao, vipande vyembamba vilivyogandishwa ubavu kwa ubavu na kupigwa randa mpaka viwe vinene katikati na vyembamba kama bamba nchani, kisha kitambaa tena, kisha ngozi ya juu. Vyote hulazwa kwenye kalibu, ambayo ndiyo huipa ski umbo lake, vikafungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na pampu ikanyonya hewa yote iliyomo. Mfuko unabana, tabaka zinashikana, na usiku kucha resini inakuwa jiwe.

Ya kwanza ilifunguka siku alipoitoa. Plastiki ya chini ilibanduka nzima mkononi mwake, kwa sababu hakuikwaruza vya kutosha kwa msasa na gundi haikupata pa kushika. Ya pili ilijipinda, maana mti haukuwa umekauka vizuri, ikawa rafu ya vikombe jikoni kwake, na vikombe vyote vikawa vinainama upande mmoja. Kila mara nilidhani ataacha. Nilimwambia hivyo siku moja nikinywa chai chini ya rafu ile.

"Nesi," akasema, "mugonjwa akikataa sindano ya kwanza, weye unaendaka nyumbani?"

Ski za tatu zilitoka nzima, mbili, zinazofanana. Mzee aliziegemeza kwenye goti moja moja, akazikunja kwa mkono wake mzima, akapitisha kidole kwenye ukingo wote. Fundi alisimama mbele yake mikono nyuma, kama msichana wa shule mbele ya mwalimu mkuu.

"Umewahi kuzipanda?" Mzee akauliza.

Hakuwahi hata kuona theluji.

"Basi hujui umetengeneza nini."

Fundi alitaka kwenda juma lilelile. Tulikwenda mwezi wa nane, mimi nikiendesha, saa sita za njia kuelekea kusini, hita ikituchoma nyuso. Mlimani alishuka na makoti mawili na blanketi la kiunoni, akaigusa theluji kwa ncha ya kiatu, akasema, "Batu wanalipa kwa hii?" Kisha akajifunga ski zake.

Alianguka siku nzima. Kwenye mteremko wa watoto, ambako watoto wa miaka minne walimpita wakiimba, alianguka mbele, nyuma, na mara moja kando, akamwangusha baba wa watu. Hakukubali kupewa mkono. Kila akiinuka alisimama kwanza akazitazama ski, si mwili wake. Alasiri alishuka hatua kama thelathini bila kuanguka, akafika kwenye tuta, na ski ya kushoto ikakatika mbele ya kiatu kwa mlio niliousikia nikiwa mbali.

Watu walimkimbilia. Mama mmoja alimshika bega, akimwambia pole, ni jambo la kusikitisha. Fundi alikuwa amekaa kwenye theluji, kipande cha ski usoni, akikinusa. Alinyofoa nyuzi mbili tatu.

"Nesi, njoo. Hapa ndani kitambaa iko nyeupe. Rezini haikufika. Umeona?"

"Nimeona. Umeumia?"

"Sasa najua," akasema.

Alivikusanya vipande vyote, hata vijiti vya mbao. Njiani hakulala. Mpaka tunapita mji wa Goulburn alikuwa akinieleza jinsi resini inavyopaswa kukandwa ndani ya kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni, na mimi, niliyekuwa na zamu asubuhi, niliitikia tu.

Jambo lililofuata ndilo lililonifanya nimfahamu. Alipoanza ski za nne alikuja kanisani Jumapili mbili mfululizo amevaa glavu za pamba. Jumapili ya pili nilimshika mkono tulipokuwa tukisalimiana akashtuka. Nyumbani nilimvua glavu. Vidole vilikuwa vimepasuka, vyekundu, vinatoa maji, na kope zake, nilipomtazama karibu, zilikuwa zimevimba. Nilimpeleka kwa daktari, naye akasema mwili wake umeikataa resini. Dawa ingeponya ngozi, lakini kila atakapoigusa tena hali itazidi, na ipo siku hata harufu yake itatosha.

Fundi alisikiliza. Tulipofika kwenye gari akasema ataongeza glavu.

"Hapana," nikamwambia.

"Mi nimefanya kazi na hii mikono kwa vita. Kwa kambi. Leo gundi njo itanikataza?"

"Ukiendelea hutaweza kuvaa glavu za kazini wala kumwogesha mtu. Utakaa nyumbani. Hutatengeneza ski wala kitu kingine."

Nilisema kwa ukali, kwa sauti ya wodini. Sijui kama ningeweza kusema vingine. Alishuka kwenye gari bila kuniaga, na kwa majuma mawili mlango wake ukawa mlango tu. Nilisikia redio yake asubuhi na maji yake jioni. Nilijiuliza kama nimemnyang'anya mtu kitu ambacho sikuwa na haki nacho.

Jumamosi ya tatu alibisha hodi. Vidole vilikuwa vimeanza kufunga.

"Nesi, weye leo uko na kazi?"

"Sina."

"Onyesha mikono."

Nikamwonyesha, kama mtoto kabla ya chakula. Aliigeuza, akazitazama kucha, akavikunja vidole kimoja kimoja.

"Si mikono ya fundi," akasema. "Lakini iko safi. Vaa nguo ya zamani."

Hivyo ndivyo nilivyoingia gerejini. Kiini alikwisha kukipiga randa mwenyewe, kwa kuwa mbao hazikumdhuru. Resini ilibaki yangu. Alisimama nje, penye upepo unaotoka kwake kuja kwetu, barakoa usoni, mikono ameibana kwapani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, naye amevalishwa barakoa.

"Changanya. Pima kwa mizani, usipime kwa macho. Weye unapimaka dawa ya mugonjwa kwa macho?"

Nilichanganya resini na dawa yake ya kuigandisha, nyingi mno kwenye kopo moja, kisha nikaanza kukinyoosha kitambaa, na kopo likaanza kupata moto. Sikujua kwamba resini ikirundikana huchemka yenyewe. Nilisikia Fundi akisema "Tupa", kwa sauti ya kawaida, na nilipomtazama kwa kutoelewa akasema tena, "Nesi, tupa inje." Nikalibeba likiwa linafuka moshi, nikalitupa kwenye nyasi, na nyasi zikakauka mahali pale. Nyuma yangu nilisikia mlio nisioutambua. Mzee alikuwa anacheka, machozi yakimtoka.

Fundi hakucheka. "Anza," akasema.

Nilianza. Nikamwaga kidogo, nikaikanda kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka kitambaa cheupe kikawa kama kioo kilicholowa na mbao zikaonekana chini yake. Mara mbili nilimwona Fundi akipiga hatua kuja ndani, mkono umenyooka, halafu akasimama, akarudi nyuma. Hakuna jambo gumu nililowahi kumwona akilifanya kuliko kurudi nyuma kule. Nilikosea pembe moja, akaniambia. Nikakosea tena, akaniambia. Tulipofunga mfuko na pampu ikaanza kunyonya, na plastiki ikajibana kwenye kalibu mpaka ikaonyesha umbo la ski, aliketi chini kwenye saruji ya uwanjani, kofia yake ya sufu mkononi, nywele zimelowa jasho.

Mbili zile zilitoka imara. Mzee alizikunja kwenye goti, akachukua muda wake wote, kisha akasema neno ambalo sikuwahi kumsikia akilisema humo ndani: "Ndiyo." Aliishi mpaka mwanzo wa mwaka uliofuata. Kwenye maziko Fundi alivaa koti lake bora na hakulia. Binti wa Mzee alimwambia achukue chochote cha gerejini kabla nyumba haijauzwa. Alichukua kalibu, pampu na randa ya mkono, akapanga kona ndogo kwenye karakana ya makabati huko Villawood. Huko alianza kuwafundisha watu kila Jumamosi, akisimama mlangoni na barakoa yake, mikono kwapani, akisema hapana.

Mimi nilihamia Brisbane kwa kazi. Tulipigiana simu, lakini mwaka na nusu ulipita bila kuonana. Kisha mwezi wa nane mmoja nilipata ujumbe wake wenye maneno matatu: "Njoo na koti."

Nilimkuta mlimani amekwisha kupanda. Nilisimama chini ya mteremko, si ule wa watoto, ule unaofuata, nikitafuta kofia ya sufu kati ya helmeti. Nilimtambua kwa makoti mawili. Alishuka polepole sana, magoti yamekunjwa, akikata mteremko kutoka upande huu hadi ule, akigeuka, akikata tena. Vijana walimpita kama risasi. Hakumtazama yeyote. Alipofika tambarare alinipita hatua kumi, maana kusimama hakukuwa kumekaa sawa bado, akajishikilia kwenye uzio.

Nilimkumbatia. Mashavu yake yalikuwa barafu. Alilalamika kuhusu baridi, kuhusu mgongo, kuhusu bei ya chai ya pale.

Kijana wa duka la kukodisha ski alikuwa amesimama karibu, naye alikuwa akiitazama miguu ya Fundi. Ski zile hazikuwa na maandishi yoyote. Juu yake kulionekana mishipa ya mti tu, kwenye ngozi inayong'aa. Aliinama akazitazama vizuri, akauliza kwa adabu ni za kampuni gani, maana hajawahi kuziona.

Fundi alinitazama. Nilivuta pumzi nimsaidie kwa Kiingereza, nianze na gereji, na Mzee, na ile iliyobanduka, na iliyojipinda, na iliyokatika. Akaniwahi.

"Toongabbie," akamwambia.

Kijana akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayelikumbuka jina hilo mahali fulani. Akasema amesikia kwamba ni nzuri sana.

"Ziko nzuri," Fundi akasema kwa Kiswahili, akageuza ncha zake, akaenda kupanga foleni apande tena.